Hamieni Mombasa Polepole, Ufuo kwa Ufuo

Wengi wanaohamia Mombasa kutoka Dar hupanda basi la alfajiri, hufika usiku miguu imevimba, na asubuhi yake humpigia ajenti simu. Kufikia adhuhuri wameshalipia nyumba ambayo hawajaiona jioni, hawajaisikia usiku, wala hawajaonja maji yake. Sisi nasi tulikuwa njia hiyo hiyo. Mwenzangu alipata kazi upande wa bandari ya Kilindini, kazi ianze tarehe moja, na mwajiri akatupa wiki mbili za kujipanga. Aliyetuzuia ni wifi yangu, aliyeolewa miaka mingi Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. "Nyumba mwaikimbilia nini?" alituambia kwenye simu. "Njooni na njia, mlale pwani pwani, muijue bahari ya huku. Nyumba ipo."

Tukatumia siku kumi na mbili kutoka mpakani hadi Kilifi, tukilala karibu na maji kila usiku. Nyumbani waliita fungate ya pili, na hatukubisha. Lakini zile siku za kuogelea ndizo zilizotuchagulia mtaa, kwa hiyo nawaandikia ninyi wawili mnaojiandaa, kwa mpangilio tuliofuata na pale tulipokosea.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, taulo baadaye

Kila mmoja awe na pasipoti yake. Wakenya na Waganda huvukiana mpaka kwa kitambulisho tu, lakini sisi Watanzania tusijidanganye na kadi ya NIDA. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza kuingia Kenya, na ule utaratibu wa idhini ya mtandaoni ulioanza Januari 2024 haumhusu. Unagongewa muhuri unaoweza kukupa hadi miezi sita. Kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri wenyewe: ofisa ndiye anayeandika siku, na ukiomba kwa upole kabla hajaandika ni rahisi kuliko kurudi kulalamika.

Muhuri huo ni wa kutembea, si wa kufanya kazi. Anayekwenda kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi, na mwenza wake anahitaji pasi ya mtegemezi, ambayo haimruhusu naye kuajiriwa. Akitaka kazi, atafute kibali chake. Mkikaa zaidi ya siku 90 mnajiandikisha na kupewa kitambulisho cha mgeni. Pasi ya mtegemezi inadai cheti cha ndoa, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe: cheti chetu nilikitia kwenye boksi la sufuria, boksi likapangwa chini kabisa ya lori, lori likabaki Dar. Cheti, vyeti vya shule na kadi ya chanjo vitembee nanyi mkobani.

Kuhusu kadi ya njano, ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, chukueni hata kama mnadhani hamtaulizwa, kwa sababu mtarudi nyumbani siku moja. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, kwa mnaokwenda na gari lenu. Dereva mmoja mbele yetu alitoa ya sindano alipoombwa ya gari, foleni nzima ikacheka, naye akacheka kwa uchungu.

Hatua ya 2: Tazameni mwezi kabla ya kulipia chumba

Hapa msiruke mstari. Watu huchagua siku za pwani kwa kuangalia wikiendi, wakifika wanakuta bahari imekwenda zake, mbele yao matope, mwani na mawe, wakasema ufuo wenyewe mbaya. Ufuo si mbaya. Wamekuja saa siyo.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaji juu sana wala hayaendi mbali. Mombasa siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kisha kila siku muda husogea mbele kwa kama dakika 50, hivi kwamba baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: asubuhi yamejaa, alasiri yamepwa.

Ukishika hayo tu, safari inajipanga yenyewe. Mnataka kutembea hadi mwambani kutazama samaki kwenye vidimbwi? Asubuhi ya bamvua, na viatu vya mpira miguuni, kwa sababu kuna yale madude meusi ya miiba ambayo ukiyakanyaga utayakumbuka mwezi mzima. Mnataka kuogelea baada ya jua kali? Alasiri ya bamvua. Mtu anayeanza kazi na ana jioni tu za kwenda baharini, naye aangalie kalenda hiyo hiyo, maana wiki moja ataoga na wiki ya pili atacheza mpira.

Upepo nao. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huleta bahari safi na joto la kukosesha usingizi, Februari na Machi zaidi. Kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, huleta mawimbi na mwani mwingi unaolala ufuoni ukinuka. Mei ndiyo mwezi wa mvua kubwa. Kwa starehe njooni Januari. Kwa kukagua nyumba, Mei ndiyo msema kweli: paa lisilovuja Januari si ushahidi wa kitu.

Hatua ya 3: Vukeni Horohoro asubuhi

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni lami tupu, saa moja na kidogo. Kituo ni kimoja kwa pande zote mbili, mnatoka Tanzania na kuingia Kenya kwenye jengo hilo hilo, upande wa pili unaitwa Lunga Lunga. Tukiwahi asubuhi tulimaliza kabla chai haijapoa.

Fedha msibadilishe kwa vijana wanaowazunguka na vibunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya ni karibu 20 za kwetu, na hesabu ya ishirini ishirini ukiwa umesimama juani, mtu anakuharakisha, inapotea kirahisi. Mimi nilihesabiwa mbele ya macho yangu na bado zilipungua. Badilisheni kidogo dukani au benki, kisha mkifika mjini nunueni laini kwa pasipoti na kufungua M-Pesa ya Kenya. Ile ya nyumbani ni akaunti nyingine kabisa. Huku karibu kila mtu analipwa kwa simu, hata muuza madafu ana namba yake ya tili, ya kulipiwa kwa simu, imeandikwa kwa rangi kwenye mkokoteni.

Mifuko ya plastiki iacheni Tanga. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na kwenye fukwe na hifadhi hata chupa za maji za kutumia mara moja hazitakiwi tangu Juni 2020. Nunueni chupa ya chuma, mtaitumia sana.

Hatua ya 4: Kusini, bila haraka

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni kama kilomita mia moja, na basi hulimaliza eneo lote hilo mkiwa mmesinzia. Shukeni.

Kituo cha kwanza ni Shimoni. Hapo ndipo mashua huondokea kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako mara nyingi pomboo hujitokeza asubuhi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa mtandaoni, si kwa noti, na raia wa Afrika Mashariki ana bei yake iliyo chini sana ya ile ya mgeni wa mbali. Onyesheni pasipoti bila aibu. Hata hotelini ulizeni bei ya wakazi kabla hamjatajiwa nyingine. Jaketi la kuelea kila mmoja avae kabla mashua haijang'oa nanga, nahodha akisema bahari shwari mwambieni ndiyo, na mlivae vilevile.

Hapo Shimoni ndipo Kiswahili changu kilipotolewa jasho. Bi mkubwa mwenye nyumba ya wageni aliniona natoka nikiwa nimevaa suruali fupi nikielekea gatini. "Mwanangu, leso huna?" Nikafungua mkoba, nikamtolea kitambaa changu cha kufutia jasho, kimekunjwa vizuri. Aliangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi, akakaa chini kwenye baraza akicheka mpaka machozi. Kumbe leso ya Mombasa ndiyo kanga yetu. Akaingia ndani, akatoka na moja ya doti yake, akanifunga kiunoni mwenyewe. Basi bebeni kanga mbili tatu, za kujifunga, za kukaushia, za kutandika. Ufuoni kwenye hoteli mtavaa mtakavyo, lakini vijijini na Mji wa Kale watu wanaheshimiana kwa mavazi, na wawili wanaoshikanashikana barabarani huangaliwa.

Gazi tulipita nusu siku tu, kwa ajili ya njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambayo kinamama wa kijiji ndio wanaoiendesha. Chakula chao kiagizwe mapema.

Kisha Diani. Mtaambiwa ni ufuo mzuri kuliko yote na ni kweli, mchanga mweupe mpaka macho yanauma, ila chumba cha ng'ambo ya barabara ni nafuu kuliko cha mbele na bahari ni ile ile. Sheria ya Kenya haimpi mtu ufuo. Hoteli ina kiwanja chake, maji na mchanga unaofikiwa na maji ni wa wote. Tatizo ni vichochoro vya kupitia, ulizeni bodaboda wa Ukunda, mji wa jirani, wanavijua vyote. Chakula msikiache mezani. Mbega ni wapole, lakini tumbili wa Diani wamesomea.

Diani ndiko tulikotishika. Asubuhi ya bamvua tulitembea mbali, maji ya magotini, mpaka kwenye fungu la mchanga karibu na mwamba. Tukakaa, tukapiga picha, tukasahau saa. Mzee mmoja mvua pweza alikuwa anarudi pwani, ufito wake wa chuma begani, pweza wawili wananing'inia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwakaa nini hapo? Maji yaja."

Mwenzangu akamwambia bado, mbona hapa pakavu. Mzee hakubishana. Alinyoosha ule ufito nyuma yetu, upande wa nchi kavu. Tulipogeuka tukaona mfereji tuliouvuka kwa magoti sasa unakwenda mbio kama mto. Maji huanza kujaa nyuma yako, kwenye mabonde, wewe uliye kwenye kichuguu unabaki ukidhani una muda. Tulivuka tukiwa tumeshikana mikono, maji kifuani, simu juu ya kichwa. Kwa hiyo: maji yakishamaliza kupwa, geukeni. Msingojee kuyaona yakija.

Hatua ya 5: Jaribuni kivuko kabla hamjapenda nyumba ya kusini

Baada ya siku nne Diani mtaanza kusema, "Kwa nini tusikae huku huku?" Sisi tulisema, tukaenda mbali mpaka kuangalia nyumba mbili. Kabla hamjalipa, fanyeni hivi. Amkeni siku ya kazi, mwe Likoni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, vukeni kwa miguu kama mfanyakazi. Jioni rudini saa kumi na moja. Fanyeni siku mbili.

Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini unatoka kwa daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, kusini kwa feri. Mwenye miguu halipi kitu kwenye feri, magari hulipa, na umati wa asubuhi ni wa kuona mwenyewe. Mimi niliipenda, ile pumzi ya bahari na watu elfu kimya kimya wakitazama ng'ambo. Mwenzangu, ambaye ndiye angeivuka kila siku, hakuipenda hata kidogo. Tangu 2024 ipo barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kutokea upande wa bara bila feri, lakini inawafaa wenye gari au wanaofanya kazi Miritini na Changamwe. Tukaiacha Diani iwe ya Jumamosi.

Jioni ya kuvuka, kabla hamjachoka, nendeni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari pale mnara wa taa. Nunueni kachri za muhogo zenye pilipili na ndimu, madafu mawili, mkae chini ya mibuyu. Meli za makontena huingia Kilindini karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wameegemea vyuma. Hakuna kiingilio cha kukaa hapo, na ndiyo jioni tuliyozungumza zaidi kuliko zote kumi na mbili.

Hatua ya 6: Kaskazini, na kikombe mkononi

Nyali, Bamburi, Shanzu, Mtwapa. Chukueni chumba cha kupanga kwa siku katikati, Bamburi kwa mfano, na mzunguke kwa matatu na tuktuk, yaani bajaji. Ufuo wa watu wote ni ule wa Jomo Kenyatta, wenyewe wanauita Pirates. Nendeni Jumapili mara moja muone: ngamia wa kupanda, maboya ya matairi ya kukodi, watoto, muziki, viazi karai. Sikukuu za Idi, Pasaka na Desemba hapatoshi hata pa kutia mguu. Siku nyingine zote ni pazuri. Vijana wa ufuoni watawafuata na mashua za kioo na vinyago, semeni "Asante kaka, leo hapana" mkiwa mnatembea, msisimame. Giza likiingia ondokeni mchangani, na sehemu tupu msipite na simu mkononi hata mchana.

Sasa nyumba. Ajenti alituonyesha moja Bamburi, ghorofa ya pili, bahari inaonekana kati ya minazi miwili. Mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani kochi litakaa wapi. Wifi yangu, aliyevuka feri kuja kutusindikiza, hakwenda kuangalia dirishani. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akajaza kikombe alichotoka nacho kwake, akanywa funda moja, akatema kwenye sinki.

"Chumvi. Hii chai utaitia sukari mpaka uchoke."

Visima vingi vya upande huu karibu na bahari ni vya maji ya chumvi. Maji matamu ya Mombasa husafiri kutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na si kila bomba yanafika, wala si kila siku. Nyumba isiyo nayo ina maana ya kununua mitungi kwa mkokoteni kila mara, sabuni isiyotoa povu, bomba zenye kutu na nywele kama katani. Si kwamba msipange nyumba ya namna hiyo, wengi wanaishi nazo vizuri, ila mjue na mkate bei. Ulizeni maji matamu hufika siku ngapi kwa wiki, tangi ni la ukubwa gani, na nani hulijaza. Kisha muulizeni jirani, si keateka, yaani msimamizi wa nyumba.

Huku kodi hulipwa kwa mwezi, pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja au miwili. Sisi tuliozoea kudaiwa miezi sita kwa mkupuo tunajiona matajiri, tunachukua nyumba kubwa kuliko mfuko. Tulieni. Angalieni vyuma vya madirisha vilivyoelekea bahari: vimeliwa na chumvi kiasi gani? Friji yenu itafuata njia hiyo. Simameni sebuleni saa tisa alasiri bila feni dakika kumi. Stima, yaani umeme, ni ya tokeni kama LUKU ya kwetu, ulizeni mita ni yenu peke yenu au mnachangia.

Mtwapa nyumba ni nafuu, na magofu ya Jumba la Mtwana yako pale juu ya ufuo mtulivu, lakini foleni ya kuingia mjini ipimeni kama mlivyoipima feri. Sisi tuliangukia Nyali kwa ndani, mbali kidogo na maji, nyumba ndogo kuliko tuliyoiota, bomba tamu.

Hatua ya 7: Kilifi, siku zikibaki

Kilomita 60 kaskazini, daraja juu ya hori, ufuo wa Bofa hauna kelele. Watamu ni mbele zaidi, ina hifadhi ya bahari ya tangu 1968 na magofu ya Gede jirani. Sisi tulilala Kilifi usiku mmoja na kurudi, kwa sababu lori lilikuwa limepiga simu.

Hatua ya 8: Lori

Vyombo vyenu vilivyotumika, ambavyo si vya kuuza, forodha ya Jumuiya humruhusu anayehama kuviingiza bila ushuru. Andikeni orodha ya kila kitu na hali yake, nakala tatu, mmoja wenu awepo mpakani lori likifika. Kitu kipya kilicho bado kwenye boksi lake kitaulizwa maswali. Mwambieni dereva apite Dongo Kundu, asijaribu Likoni na mzigo mrefu. Na boksi moja liwe la mwisho kupakiwa ili liwe la kwanza kushuka: shuka, sabuni, birika, sufuria moja, na kikombe.